Mashine iliganda maili milioni 60 kutoka hapa, na bado kulikuwa na mtu wa kuiuliza "kwani unangoja nini?"

Mwaka jana ukurasa wangu ulifungwa siku 11. Sikuwa nimetukana mtu, sikuwa nimeuza kitu cha wizi. Niliamka tu asubuhi, nikashika simu kabla hata ya kunawa uso, nikakuta ujumbe: umekiuka kanuni. Kanuni gani? Haikusema. Nikabonyeza pale pa kukata rufaa, nikaandika maelezo marefu kwa adabu zote nilizofunzwa na mamangu. Jibu lilirudi kabla hata maji ya chai hayajachemka. Limekataliwa. Manze, hakuna binadamu anasoma haraka hivyo.

Siku ya 12 ukafunguka. Pia bila maelezo.

Watu wawili walikuwa wamenilipa niwatangazie biashara zao wiki hiyo, na nikawarudishia pesa. Hiyo iliuma, lakini pesa hutafutwa. Kilichobaki kichwani ni kitu kingine: mashine iliamua, na hakukuwa na mlango wowote wa kubisha ili niulize "kwa nini?"

Ndiyo maana stori ya leo ni ya 1999. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, hata mimi sikuwa. Ni stori ya mashine iliyopewa mamlaka ya kujiamulia mambo huko angani, ikakwama, na ya jamaa mmoja mwanasayansi wa kompyuta ambaye karibu kazi yake yote ilizunguka swali moja: ukiiachia mashine iamue, wewe unabaki na nini mkononi?

Anaitwa Ron Garret. Ukitafuta kazi zake za zamani utazikuta chini ya jina Erann Gat, ndilo alilotumia enzi hizo. Mwaka wa 1988 aliingia kufanya kazi JPL, ile maabara ya NASA iliyo Pasadena, California, inayounda na kuendesha vyombo vinavyokwenda sayari nyingine. Mwaka wa 1991 akamaliza shahada ya uzamifu Virginia Tech. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo hapa nitaheshimu tu na kusonga mbele.

Shida iliyokuwa mezani JPL ilikuwa hii. Redio husafiri kwa kasi ya mwanga, na bado kutoka hapa hadi Mars ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari ziko wapi. Hiyo inamaanisha huwezi kuendesha gari la Mars kama gemu. Ukiona shimo kwenye skrini, gari lilishaanguka ndani kitambo. Njia ya kawaida ilikuwa watu wa duniani kuandika kila amri mapema: saa fulani geuka, saa fulani piga picha, saa fulani zima injini. Inafanya kazi, lakini inakula watu wengi na muda mwingi. Na jambo lisilotarajiwa likitokea, chombo kinajifungia katika hali ya usalama, kinatulia, kinangoja watu wa duniani waamue.

Njia ya pili ni kukipa chombo akili kidogo. Hiyo ndiyo akili unde, ile AI ambayo sai kila mtu anaiongelea kama ilizaliwa juzi. Haikuzaliwa juzi.

Roboti za zamani zilikuwa na ugonjwa wa kufikiri sana. Zinatazama dunia, zinapanga kila kitu, zinasogea kidogo, zinasimama kufikiri tena. Kundi lingine la watafiti likasema tuachane na kupanga kabisa, roboti iwe kama mende: guswa, kimbia. Garret alikuwa kati ya wale waliosema unahitaji vyote viwili, na kitu cha tatu katikati.

Fikiria matatu. Dereva anakanyaga breki mtu akikatiza barabara, hana muda wa kutafakari. Mwenye gari, akiwa nyumbani, anapanga siku nzima: ruti gani, trip ngapi, mafuta ya pesa ngapi. Katikati yuko konda. Konda anajua mpango, lakini pia anaona barabara imefungwa hapo mbele, kwa hiyo anamwambia dereva "ingia hapa kushoto" bila kumpigia mwenye gari simu kila dakika tano. Ukitoa konda, dereva na mwenye gari hawaelewani. Mfumo wa tabaka tatu ambao Garret aliuandikia, akauita ATLANTIS, ulikuwa na konda.

JPL walijaribu mawazo ya aina hii kwenye viroboti vidogo vya magurudumu sita vilivyoitwa Rocky. Familia hiyo ya Rocky ndiyo iliyozaa Sojourner, kigari kilichotua Mars tarehe 4 Julai 1997.

Sasa tuje kwa lugha, maana hapa ndipo vita vilipokuwa. Garret alikuwa mtu wa Lisp, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa na John McCarthy mwaka wa 1958. Kwa miaka mingi Lisp ndiyo ilikuwa lugha ya watu wa akili unde. Ina mambo yake, mabano ni mengi hadi macho yanauma, lakini kuna kitu kimoja nataka ukishike.

Programu nyingi ukishaziandika zinasagwa zinakuwa kitu kimoja kigumu. Ni kama chapati: ikishaiva, huwezi kutoa chumvi. Ukitaka kubadilisha, kanda unga upya. Lisp inaweza kukaa ikiwa hai na dirisha wazi, kama dirisha la kioski. Unabisha, unauliza: hii namba sasa ni ngapi? Inakujibu. Unauliza: hii sehemu inafanya nini saa hii? Inakujibu. Unaweza hata kuiambia: hii kanuni ya zamani iache, shika hii mpya. Na biashara inaendelea huku mkiongea.

Mwaka wa 1998, tarehe 24 Oktoba, NASA walirusha chombo kinachoitwa Deep Space 1 kutoka Cape Canaveral. Kilikuwa chombo cha majaribio hasa. Kilibeba teknolojia 12 mpya ambazo hakuna mtu alitaka kuwa wa kwanza kuziamini kwenye safari kubwa. Maarufu zaidi ilikuwa injini ya ioni, inayosukuma chombo polepole kwa gesi ya zenoni. Nyingine ilikuwa programu iitwayo Remote Agent, iliyoundwa na watu wa JPL pamoja na wenzao wa kituo cha NASA Ames, kaskazini mwa California. Garret alikuwa katika timu hiyo. Na ndiyo, iliandikwa kwa Lisp.

Remote Agent ilikuwa na vipande vitatu. Kimoja kilipanga: ukikipa malengo, kinatengeneza ratiba chenyewe. Kingine kilitekeleza ratiba hiyo hatua kwa hatua, huyu ndiye konda. Cha tatu, kilichoitwa Livingstone, kilikuwa daktari: kilibeba maelezo ya jinsi kila swichi na kila valvu inavyopaswa kufanya kazi, kikilinganisha na kinachoonekana, halafu kikisema "hii hapa imeharibika, tufanye hivi."

Ona tofauti na AI ya sai. Remote Agent haikula mabilioni ya maneno na kujifunza kubahatisha. Ilijengwa juu ya maelezo ambayo binadamu waliandika, na kila uamuzi ungeweza kufuatiliwa nyuma hadi ulipoanzia. Hiyo ndiyo aina ya mashine unayoweza kuuliza "kwa nini?"

Mwanzoni mpango ulikuwa Remote Agent iendeshe chombo chote. Baadaye wakubwa wakapunguza. Ikawa jaribio la siku chache tu. Ndani ya JPL upepo ulikuwa ukienda kwa lugha za C, na kila kitu kikienda mrama, Lisp ilikuwa mshukiwa wa kwanza.

Jumatatu, tarehe 17 Mei 1999, programu ikakabidhiwa chombo. Deep Space 1 kilikuwa zaidi ya maili milioni 60 kutoka duniani, karibu kilomita milioni 96. Ujumbe kwenda ni zaidi ya dakika 5, kurudi zaidi ya dakika 5 tena. Programu ikapanga, ikaanza kutekeleza, kamera ikapigwa picha zake. Poa.

Jumanne asubuhi injini ya ioni ilitakiwa kuzimwa. Haikuzimwa.

Hebu jiweke pale. Umefanya kazi miaka mitano. Watu nusu ya jengo wanasubiri uanguke ndio waseme "tuliwaambia." Na kitu chako kiko mbali zaidi ya mara 200 ya umbali wa mwezi, kimenyamaza.

Kilichotokea kinaelezeka hivi. Mmekosana na mtu wako. Unaamua kusubiri atume ujumbe kwanza. Unatazama simu: hakuna kitu. Unaigeuza, unaiweka kimya, unalala ukijisemea "akituma, italia, nitaamka." Lakini katika ile nusu sekunde kati ya kutazama na kuigeuza, ujumbe uliingia. Mlio umeshapita. Sasa unangoja mlio ambao hautakuja tena, na yeye pale aliko anangoja jibu lako. Kila mtu amelala akimlaumu mwenzake, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya Remote Agent. Sehemu mbili za programu zilikuwa zinangojana. Moja ilikagua kama tukio fulani limetokea, ikaona bado, na kabla haijaanza kungoja rasmi, tukio likatokea. Ikalikosa. Ikangoja milele, na mwenzake akangoja milele. Nafasi ya jambo hilo kutokea ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana majaribio yote ya duniani hayakulikamata.

Na hapa kuna kitu kinachoniuma kwa niaba yao. Mwaka wa 1997, miaka miwili kabla, wataalamu wa Ames walichukua kipande cha ile sehemu ya utekelezaji wakakikagua kwa hesabu, kwa zana iitwayo SPIN. Walipata makosa matano. Moja lilikuwa la aina hii hii. Likarekebishwa. Lakini kosa la aina hiyo lilikuwa limejificha mahali pengine ambapo hawakukagua. Ni kama kuziba shimo la panya jikoni huku lingine liko nyuma ya kabati ya chumbani.

Sasa ule mlango. Kwa sababu programu ilikuwa Lisp iliyo hai, timu ingeweza kubisha dirishani ikiwa bado iko angani na kuuliza hali ilivyo ndani. Garret mwenyewe ameandika baadaye kwamba kuwa na dirisha hilo ndani ya chombo kulikuwa na thamani kubwa sana katika kulipata na kulitatua tatizo. Hawakubaki kukisia kwa moshi unaotoka kwenye bomba. Waliingia jikoni.

Na angalia walichofanya baada ya kujua. Walikuwa na uwezo wa kurekebisha, lakini walilielewa kosa vizuri hadi wakaweza kusema: uwezekano wa kujirudia ni mdogo sana, na kubadilisha programu sasa kuna hatari yake. Wakaamua kuirudisha kazini bila kuweka marekebisho. Ijumaa, tarehe 21 Mei, ikapewa zoezi jipya la saa sita.

Katika jaribio lote waliitegea mitego minne. Waliifanya iamini kwamba kamera imekwama ikiwa imewaka. Kifaa kimoja cha umeme kikaacha kujibu, ikakiwasha upya. Kihisi kimoja kikadanganya, ikagundua kwamba ni kihisi ndicho kinachodanganya, si chombo kilichoharibika. Injini ndogo ya kugeuzia chombo ikajifanya imekufa, ikabadilisha namna ya kujigeuza bila hiyo. Kufikia Ijumaa jioni, malengo yote yalikuwa yametimia, asilimia 100. Mwaka huo huo wa 1999 ikawa miongoni mwa washindi wa tuzo ya NASA ya programu bora ya mwaka.

Kama hii ingekuwa filamu, tungeishia hapo kwa muziki. Lakini Lisp haikushinda. Garret aliondoka mwaka wa 2000 akaenda kampuni changa ya watu kama mia moja iitwayo Google. Huko akawa mhandisi mkuu wa toleo la kwanza la AdWords, yale matangazo yaliyoanza Oktoba mwaka huo na kuja kuwa mgodi wa pesa wa kampuni. Iliandikwa kwa Java. Alijaribu kuwauzia Lisp, hawakununua. Baada ya mwaka mmoja akarudi JPL, akakuta hata huko mlango umefungwa. Lugha iliyowaokoa Mei 1999 haikuwa na nafasi tena.

Niwe mkweli, waliokataa hawakuwa wajinga. Chombo cha mamilioni ya dola hakifuatwi na fundi kwa bodaboda. Ukiwa msimamizi unataka kitu ambacho wahandisi wengi wanakijua, ili huyu akiacha kazi umpate mwingine. Unataka kitu kinachotabirika. Na ukisikia kwamba programu inaweza kubadilishwa ikiwa angani, unaweza pia kuogopa kwamba mtu ataibadilisha vibaya. Hoja hizo zina uzito.

Lakini Deep Space 1 chenyewe kilitoa jibu. Novemba 1999, kile kifaa chake cha kutazama nyota, ambacho ndicho kilikionyesha kimeelekea wapi, kikafa. Wahandisi wakakaa miezi kadhaa wakiandika programu mpya ya kuifanya kamera ya kawaida ichukue kazi hiyo, wakaituma angani katikati ya 2000. Remote Agent haikuhusika kabisa hapo. Lakini kanuni ni ile ile: chombo kilipona kwa sababu watu wangeweza kukifikia ndani. Septemba 22, 2001, kikapita karibu na nyotamkia Borrelly na kuleta picha. Kilizimwa Desemba 18 mwaka huo.

Mawazo ya Remote Agent nayo hayakufa, yalibadilisha nguo. Teknolojia yake ya kupanga iliingia kwenye MAPGEN, programu iliyosaidia watu wa duniani kupanga kazi za vigari vya Mars vya Spirit na Opportunity kuanzia 2004. Toleo jipya la yule daktari Livingstone likapanda kwenye setilaiti ya EO-1. Leo kigari cha Perseverance kinajitafutia njia kati ya mawe ya Mars chenyewe. Konda bado yuko kazini.

Sasa rudi nami kwa zile siku zangu 11.

Tunaambiwa kila siku tuchague upande: AI itatumaliza, au AI itatuokoa. Mimi naona watu wa 1999 walikuwa na swali zuri zaidi. Walijua mashine yao itakosea. Walikagua kwa hesabu, wakajaribu, ikakosea bado. Kilichowaokoa ni kwamba waliacha dirisha, na kulikuwa na mtu upande wa pili wa dirisha ambaye ni kazi yake kuuliza na kusikiliza jibu. Walifanya hivyo kwa chombo kisicho na mtu hata mmoja ndani.

Sisi tuna mashine zinazoamua kama utapata mkopo wa simu, kama CV yako itasomwa, kama ukurasa unaokulisha utafungwa. Humo ndani kuna watu. Na dirisha hakuna.

Kumbe hata sheria yetu inalijua hili. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na inakuruhusu kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ina mianya yake, mojawapo ikiwa pale ulipobonyeza "nimekubali" bila kusoma, kitu ambacho sote tumefanya. Lakini ipo. Mimi sikuijua siku zile 11. Ningeijua, ile barua yangu ndefu ya adabu ingekuwa fupi, na ingetaja kifungu.

Kwa hiyo ukifungiwa, ukinyimwa, ukikataliwa na mashine, usiulize tu "nimekosea wapi?" Uliza pia: nani anaweza kuingia ndani aangalie kama ni mashine iliyolala ikingoja mlio uliopita? Na kama wewe ndiye unasomea kuzitengeneza, iwe chuoni au kwa laptopu ya kuazima kama mimi, tafadhali, acha dirisha.